Neema Crafts, Iringa: mgahawa ambao msemaji hodari ndiye anayepungukiwa

Mji wa Iringa umekaa juu ya mwinuko, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita chini yake, Ipogolo, kwa hiyo wasafiri wengi wa Nyanda za Juu Kusini huupita mji huo mara kwa mara bila kuuingia. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo, hasa akiwa Mkristo, na zaidi sana akiwa na udhaifu ambao ameuombea kwa muda mrefu bila kuondolewa. Ninamshauri ashuke Ipogolo, achukue bajaji hadi mjini, aende Mtaa wa Hakimu na ale chakula chake cha mchana katika mgahawa wa Neema Crafts. Chakula ni kizuri nami nitakieleza, na duka lililopo hapo linastahili kutazamwa kwa makini. Hata hivyo, sababu yangu kubwa ya kupasifu ni kwamba sijaona mahali pengine ambapo maneno ya Mtume Paulo juu ya nguvu inayotimilika katika udhaifu yanatendeka mchana kweupe, katika utaratibu wa kazi, bila mtu yeyote kusimama na kuyahubiri.

Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana Tanzania, kwa juhudi za msanii Mwingereza Susie Hart. Walioanza nayo ni vijana watatu viziwi, waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, malighafi isiyoadimika katika mkoa unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baadaye zikaongezeka karakana za kufuma, kushona, kuchapa vitambaa na kutengeneza shanga na mapambo, kisha likaja duka, mgahawa, nyumba ya wageni na kitengo cha tiba ya viungo. Wanaofanya kazi humo ni viziwi pamoja na watu wenye ulemavu wa viungo, na katika mgahawa wahudumu ni viziwi.

Msomaji asipokumbuka hali ya viziwi nchini, ataiona habari hii kuwa ndogo. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, na hata leo wapo watoto viziwi vijijini wanaokua bila shule na bila lugha wanayoshiriki na mama zao, isipokuwa ishara chache za nyumbani za kuonyesha maji, chakula na kulala. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Yeyote aliyezunguka katika maofisi yetu, yakiwamo ya makanisa, anajua ni mara ngapi amehudumiwa na mtu kiziwi. Kwa hiyo mji mmoja wa mkoani unapokuwa na nyumba ambayo ndani yake kiziwi si mwombaji wa kazi bali ndiye anayekupangia meza, hilo ni jambo la kusafiria.

Mimi ni mwinjilisti, na tangu utotoni nina kigugumizi. Nalitaja kwa sababu bila hilo msomaji hataelewa ni vipi kuagiza chai kunaweza kuwa jambo la kuandikiwa tathmini. Katika mgahawa wa kawaida mhudumu husimama kando yako akiwa na haraka, meza nyingine zinamwita, naye anataka jibu la maneno mawili. Mtu mwenye kigugumizi huagiza anachoweza kukitamka, si anachotaka kukila. Sauti ya mwanzo wa neno ndiyo inayoamua, na kwangu sauti zinazokwama ni za k na ch, ambazo ndizo zinazoanzia chai, chapati, chipsi, kahawa, kuku na keki. Siku nyingi nimekula wali na maharage huku moyo ukitaka kuku, na aliyekaa nami mezani hakutambua kitu. Wapo wenzangu ambao hungoja mtu mwingine aagize kwanza ili nao waseme “kama yake”, na wapo ambao hawaingii kabisa mahali wasipojulikana.

Katika mgahawa wa Neema Crafts hakuna anayeisubiri sauti yangu. Mhudumu anakuja, anakutazama usoni, anakusalimu kwa mkono na kwa macho, na unaandika unachokitaka kwenye karatasi. Ukiwa umejifunza alama chache, unaagiza kwa mikono. Niliandika kahawa, nikaandika supu, nikaandika keki. Yeye akasoma, akanionyesha kwa kidole neno moja ambalo sikuliandika vizuri, akasubiri nikaliandika upya, kisha akatikisa kichwa kukubali na kwenda. Mambo yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ambao mimi hutumia kutamka jina langu kwenye simu. Nilikaa nikitazama mikono yangu juu ya meza, na ilinichukua muda kutambua kwamba sikuwa nimekaza mabega.

Katika meza ya jirani walikaa wageni wawili, watu wa heshima zao, na mmoja wao alikuwa na sauti nzuri nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mhudumu alipofika, mgeni huyo aliagiza kwa mdomo, kama ambavyo angefanya popote. Hakujibiwa. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi, kisha akamgeukia mwenzake kana kwamba anaomba msaada, na kwa dakika chache alikuwa mtu asiye na lugha mahali ambapo kila mmoja aliyemzunguka alikuwa nayo. Mhudumu hakuonyesha kuudhika wala kufurahia. Alimsogezea kalamu, akagonga orodha ya vyakula taratibu kwa ncha ya kidole, akamwekea mkono wazi kumwonyesha aandike hapo. Mgeni akaandika. Chakula kilipoletwa, aliuliza kwa ishara namna ya kushukuru, akafundishwa, akafanya vibaya, akarekebishwa, akafanya vizuri.

Tukio hilo dogo ndilo kiini cha huduma ya mahali hapa. Udhaifu wa mhudumu haukufichwa nyuma ya pazia jikoni, wala haukubandikwa ukutani ili mteja auhurumie. Umewekwa mbele kabisa, kwenye mlango wa kwanza ambao kila mteja lazima aupite, na utaratibu mzima wa kuhudumia umejengwa juu yake. Matokeo yake, anayekuja na ulimi mwepesi ndiye anayepaswa kunyenyekea na kufundishwa, na mwalimu wake ni mtu ambaye pengine barabarani angempita bila kumwona.

Waraka wa pili kwa Wakorintho husomwa sana makanisani kwetu, hasa ule mstari wa sura ya 12 ambao Bwana anamjibu Paulo: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Lakini tunavyouhubiri mara nyingi ni kana kwamba udhaifu ni chumba cha kusubiria. Mtu anaumwa, anaomba, anapona, ndipo anaitwa mbele kutoa ushuhuda. Aliyeomba asipone anaambiwa aendelee kuomba, na kipaza sauti kinapita mbele yake kwenda kwa mwingine. Paulo hakushuhudia hivyo. Anasema alimsihi Bwana mara tatu kwamba mwiba wa mwilini uliokuwa ukimtesa umtoke, na haukutoka, na ushuhuda wake anautoa ukiwa bado umo mwilini. Hatuambiwi hata ulikuwa mwiba gani. Tunachoambiwa ni kwamba jibu halikuwa kuondolewa, bali kutoshelezwa.

Tena yafaa kukumbuka ni watu gani walioandikiwa maneno hayo. Wakorintho walipenda wasemaji. Walikuwa wamewapata walimu wenye ufasaha na majivuno, na kwa kipimo hicho walimwona Paulo kuwa hafai. Yeye mwenyewe, katika sura ya 10 ya waraka huohuo, anayanukuu maneno yao: “Nyaraka zake ni nzito, hodari, bali akiwapo mwilini ni dhaifu, na maneno yake si kitu.” Mtume aliyelitangaza Neno katika miji mingi ya dunia ya Kirumi alidharauliwa kwa namna alivyozungumza, na kilichotufikia sisi kutoka kwake ni yale aliyoandika. Nilipokuwa nimeshika ile kalamu ya mgahawani, mstari huo ulinijia wenyewe, na sijapata kuusoma tena bila kuikumbuka ile meza.

Vivyo hivyo kwa Musa. Katika Kutoka sura ya 4 analalamika kwamba ulimi wake ni mzito, na jibu analopewa limewataja viziwi waziwazi: “Ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu? Au ni nani afanyaye mtu kuwa bubu, au kiziwi, au mwenye kuona, au kipofu? Si mimi, Bwana?” Wahubiri wengi huukwepa mstari huu kwa kuwa ni mgumu, nami sidai kuwa nimeumaliza. Ninachokiona ni kwamba Mungu hakuulainisha ulimi wa Musa. Alimpa Haruni awe msemaji, akamwachia Musa fimbo na wajibu uleule. Utaratibu ulibadilishwa ili kazi ifanyike na mtu yuleyule mwenye ulimi uleule. Ndivyo Neema Crafts ilivyofanya. Hawakungoja masikio yafunguke ndipo waajiri. Walibadilisha njia ya kupokea oda.

Nikirudi kwenye chakula: huu si mgahawa wa ugali wa kushindiliwa, na mwenye njaa ya shamba atafute mama ntilie sokoni, ambako atashiba vizuri. Hapa nguvu yao iko kwenye kahawa na chai, supu, mikate iliyojazwa na keki zinazookwa hapohapo. Supu yangu ya mboga ilikuja ya moto kweli, jambo ambalo katika baridi ya Iringa ya Juni na Julai lina maana kubwa, na ilikuwa nzito kwa mboga zenyewe, si kwa unga. Kahawa ni ya kusagwa, imechujwa, chungu kiasi, na inaletwa bila kumwagika kwenye sahani, dalili ya mhudumu anayeijali kazi yake. Keki ilikuwa laini na haikuzidishwa sukari. Mgahawa ni mtulivu kuliko kawaida, ingawa hauko kimya, maana vyombo vinagongana jikoni na wahudumu hucheka kwa sauti. Utulivu wenyewe unatokana na kwamba hakuna anayeita oda kwa kupaza sauti kutoka mlangoni hadi jikoni, wala redio ya kushindana nayo.

Kuhusu nyumba ya wageni nitasema tu kwamba ni ya kawaida na safi, na inamfaa mtu asiyetafuta mambo makubwa.

Dukani ndipo nilipokaa muda mrefu. Ninayo kanuni moja ninaponunua kitu cha kazi ya mkono: nakigeuza ndani nje. Mfuko wa kitambaa unaweza kupendeza kwa nje na huku ndani nyuzi zinaning'inia, pindo halikukunjwa mara mbili, na kamba ya begani imeshikwa kwa mshono mmoja ambao utaachia mara ya kwanza utakapobeba Biblia na kitabu cha nyimbo. Niliugeuza mfuko mmoja. Pindo lilikuwa limekunjwa mara mbili na kushonwa kwa mstari ulionyooka mwanzo hadi mwisho, kamba ilikuwa imeshikizwa kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati, na pale ambapo rangi za vitambaa viwili zinakutana, fundi alikuwa amebadilisha uzi ili usionekane. Nimeona kazi ya mafundi wenye sifa mjini isiyofikia hapo.

Karatasi ya kinyesi cha tembo nayo inastahili maneno machache, kwa kuwa wengi hucheka wanapoisikia na hawaulizi inavyofanywa. Tembo hasagi vizuri chakula chake; zaidi ya nusu ya anachokula hutoka kikiwa bado na nyuzinyuzi za majani na magome. Kinyesi hicho hukaushwa, husafishwa na kuchemshwa kwa muda mrefu hadi kinabaki nyuzi tupu zisizo na harufu, kisha hupondwa na kuchanganywa na karatasi zilizokwisha kutumika, hutiwa majini, na rojo lake huchotwa kwa fremu yenye wavu, tabaka moja jembamba kwa wakati mmoja. Maji huchuruzika, karatasi hukandamizwa na kuanikwa. Nilinunua kadi kadhaa. Ukiishika kwenye mwanga unaziona nyuzi za nyasi zimelala huku na huku, nyingine ndefu kama kucha, na uso wake una mkwaruzo kidogo. Wino wa kalamu ya kawaida ya biki unaandika vizuri. Kalamu ya wino wa majimaji husambaa, kwa hiyo anayetaka kuandika salamu za harusi au za rambirambi achague ile ya kwanza.

Nimeeleza mambo ya mshono na wino kwa makusudi. Bidhaa inayonunuliwa kwa huruma hununuliwa mara moja, na aliyeiuza anajua moyoni kwamba hakuuza kitu, aliuza hali yake. Mtu ambaye pindo lake limenyooka anapokea fedha na kumtazama mteja machoni. Tumewazoesha watu wenye ulemavu kukaa kwenye ngazi za makanisa yetu Jumapili na kupokea sarafu zetu tukitoka kumwabudu Mungu yuleyule aliyemwambia Paulo kwamba uweza wake hutimilika kwao, na hatujajiuliza kwa nini uweza huo tumeutafuta jukwaani tu na kuupita ngazini. Nguvu anayoizungumzia Paulo si hisia nzuri ya kufarijiwa. Ni uwezo wa kutenda: kupanda meli, kuanzisha kanisa, kuandika waraka, na kwa hakika kushona hema, maana Matendo ya Mitume sura ya 18 inatuambia kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake pale pale Korintho.

Kuna jambo ambalo mgahawa huu ulinifungulia, nami sikulipata katika mafunzo yoyote. Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anamwambia aliyemwalika kwamba afanyapo karamu awaite maskini, vilema, viwete na vipofu. Katika kitabu cha pili cha Samweli, Mefiboshethi, aliyekuwa na kilema cha miguu yote miwili, anakaribishwa kula mezani pa mfalme Daudi siku zote. Maandiko hayo nimeyahubiri, na kila mara niliyasikia kama wito kwa wenye nguvu: fungua mlango, sogeza kiti, mpe nafasi aliye dhaifu. Ni wito wa kweli. Lakini katika mgahawa wa Neema Crafts, waliopaswa kualikwa ndio wenye karamu. Wao ndio wanaofungua mlango, wao ndio wanaosogeza kiti, na mimi ndiye niliyekaribishwa nikiwa na udhaifu wangu. Paulo anawaambia Wakorintho haohao, katika waraka wa kwanza, kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa vinyonge ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Kuhitajiwa ni zaidi ya kuvumiliwa, na ni zaidi ya kusaidiwa. Nilimhitaji yule mhudumu ili nile, naye hakunihitaji mimi kwa lolote isipokuwa niandike vizuri.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa Wakristo watakaokwenda, hasa wanaokwenda kwa makundi ya kwaya na ya vijana. Wahudumu wale wako kazini. Wasipigwe picha bila ridhaa yao, na wasiwekewe mikono ya maombezi wakiwa wamebeba sinia. Najua ninachokisema, kwa maana mimi mwenyewe nimeshikwa koo na watu wema, mara nyingine bila hata kuulizwa jina, roho ya kigugumizi ikakemewa mbele ya watu, na nilipofungua kinywa na kigugumizi kikiwa palepale, nikaonekana kuwa ndiye niliyekosa imani. Wanafunzi walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa swali lenyewe. Maombi ni mema, na Mungu huponya. Hayo nayaamini na nayafundisha. Lakini anayemwendea mtu akiona masikio yake tu, kabla ya kuona kwamba mtu huyo ana ufundi, ana familia, na huenda ana imani iliyozidi ya kwake, hajamwendea mtu.

Vilevile ule msemo wetu wa “hujafa hujaumbika”, unaotutoka kila tunapomwona mwenye ulemavu, tungeuacha mlangoni. Una hekima yake, kwa kuwa unamkumbusha mwenye kiburi kwamba naye anaweza kupatwa. Lakini huruma yake imesimama juu ya hofu, na kwa anayeambiwa, maana yake ni kwamba yeye ndiye lile jambo baya ambalo wengine wanaliombea lisiwafike. Injili ina neno bora la kumwambia.

Ningependa kuona mambo mawili yakiongezeka. Vitu vingi vya dukani, kwa macho yangu, vinamfaa zaidi mgeni anayetafuta zawadi ya kupeleka mbali. Ningefurahi kukuta pia vitambaa vya madhabahu na vya mimbari, mifuko ya kukusanyia sadaka, stola za wachungaji, na kadi za ubatizo na kipaimara zilizoandikwa Kiswahili. Sharika zetu hununua vitu hivyo kila mwaka, na ubora niliouona kwenye ule mshono ungetuheshimisha. La pili haliwahusu wao bali linatuhusu sisi: kundi la kanisa linaloondoka pale likiwa limejifunza kusalimu na kushukuru kwa Lugha ya Alama ya Tanzania lisiishie hapo, bali liulize ni kiziwi gani wa mtaani kwao hajawahi kusikia Injili kwa lugha yake, na ni kijana yupi wa kwaya anayeweza kupelekwa kujifunza ukalimani. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ndicho mahali sahihi pa kuanzia.

Kwa anayepanga safari: karakana hutembelewa bila malipo na kuna mtu wa kukuongoza, kwa hiyo ni vizuri kufika asubuhi, kuzunguka kwanza kwa wafumaji na watengenezaji wa karatasi wakiwa kazini, kisha kwenda kula, na duka kuliacha la mwisho ili ukinunua kitu ujue kimepitia mikono gani. Jumapili pamefungwa. Kundi kubwa litoe taarifa mapema, kwa kuwa kuandika oda za watu wengi kunahitaji muda na mgahawa haukimbizani. Asiyejua kusoma na kuandika asiogope, kwa maana kidole kwenye orodha ya vyakula kinatosha. Mwenye kigugumizi anaweza kuagiza kuku, kahawa na keki kwa pamoja.